Njia Inapita Shambani kwa Mtu: Kutembea kwa Miguu katika Mizabibu ya Alsace

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu, kina dada na kina kaka, hamjambo. Asanteni kwa kufika.

Mmeomba tuzungumze kuhusu kutembea kwa miguu katikati ya mashamba ya mizabibu na vijiji vya zamani vya Ufaransa. Ufaransa ni kubwa. Kuna Bourgogne, kuna Champagne, kuna Bordeaux, kuna bonde la mto Rhône. Tukigusa kila mahali leo, mtaondoka hapa na orodha ya majina tu. Basi tushike sehemu moja tuijue vizuri: Alsace, mashariki kabisa mwa nchi, mahali milima ya Vosges inaposhuka kuelekea bonde la mto Rhine. Na ndani ya Alsace tushike kipande kimoja, kuanzia Turckheim hadi Ribeauvillé, pembeni mwa mji wa Colmar.

Kwa nini pale? Kwa sababu vijiji viko karibu karibu. Kutoka kimoja hadi kingine ni kilomita mbili au tatu, na mara nyingi hujaacha kuuona mnara wa kanisa ulikotoka, tayari unauona wa unakokwenda. Mtu ambaye hajawahi kutembea masafa marefu anaweza kuanzia hapo bila hofu. Akichoka, kijiji kiko mbele yake.

Lakini kabla ya ramani, kabla ya viatu, kabla ya mkoba, shikeni neno moja. Njia hii haipiti porini. Inapita shambani kwa mtu. Nitalirudia hili mpaka mlichoke, kwa sababu karibu kila kosa la mgeni katika mizabibu linatokana na kulisahau.

Sikilizeni kisa hiki. Oktoba mwaka 1882, huko Médoc karibu na Bordeaux, profesa wa elimu ya mimea aitwaye Millardet alikuwa akipita kando ya mashamba ya Saint-Julien. Miaka ile ugonjwa wa ukungu kutoka Marekani ulikuwa umeivamia mizabibu ya Ufaransa, na majani yalikuwa yamepukutika kabla ya wakati. Ila akaona ajabu: mistari iliyopakana na barabara ilikuwa bado ina majani, wakati ile ya ndani iko uchi. Akauliza, akajibiwa. Wakulima walikuwa wamechoka na wapita njia wanaochuma zabibu. Wakachukua mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, wakauchanganya na chokaa, wakainyunyizia mistari ya kando ya barabara ili zabibu zionekane za buluu na ziwe chungu mdomoni, mtu adhani zimetiwa sumu. Walichotengeneza kumfukuza mdokozi kikafukuza ukungu. Millardet akafanya majaribio, akatangaza matokeo mwaka 1885, na mchanganyiko huo wa Bordeaux unatumika hadi leo. Wakulima wa kahawa kwetu nao wanazijua dawa za shaba.

Mnaona, ndugu zangu? Moja ya dawa kubwa za kilimo duniani ilizaliwa kwa sababu ya wapita njia walioshindwa kuzuia mikono yao!

Sasa mtu atasema: kichala kimoja kina shida gani? Tupige hesabu. Kichala kina gramu 100 hadi 150. Chupa moja ya divai inataka zabibu kilo moja na zaidi kidogo. Siku ya Jumapili yenye jua, wakipita watembezi 200 na kila mmoja akachuma kichala kimoja, hizo ni kilo 20 hadi 30. Mkulima amepoteza chupa 20 kwa siku moja, kwenye mistari ile ile ya kando ya njia. Na huyu havuni mara mbili kwa mwaka kama wenzetu wa Dodoma. Anavuna mara moja. Amepogoa baridini, amelinda machipukizi dhidi ya jalidi ya Aprili, yaani baridi inayogandisha, amefunga matawi kwenye nyaya kwa mkono, amepunguza majani, kisha wewe unanyoosha mkono. Hapana. Kama unataka zabibu, zinauzwa sokoni Colmar.

Kuna sababu nyingine, na hii inamhusu mchumaji mwenyewe. Mizabibu hupuliziwa dawa mara kadhaa kati ya Mei na Agosti. Sheria ya Ufaransa inataka watu wasiingie shambani kwa saa 6 angalau baada ya kupuliza, na kwa baadhi ya dawa saa 24 au hata 48. Utajuaje kwamba shamba limepuliziwa asubuhi ile? Mara nyingi hutajua. Ukiona trekta refu lenye miguu minne linalopita juu ya mstari huku mizabibu ikibaki chini ya tumbo lake, na ukungu wa dawa nyuma yake, simama mbali, upande unakotoka upepo. Subiri limalize au tafuta njia nyingine. Ukikuta majani yana vumbi la buluu au la njano, usiyashike kisha ukala mkate kwa mkono huo huo.

Tembea kwenye njia, usikate kati ya mistari hata kama inaonekana kufupisha safari. Nyaya za kushikilia matawi ziko usawa wa kifua na goti, na jioni hazionekani. Udongo katikati ya mistari umelimwa au umepandwa nyasi kwa makusudi, ili mvua isiubebe. Miguu ya watu kumi ikipita mahali pamoja kwenye mteremko, maji ya mvua inayofuata yatapita papo hapo. Mbwa afungwe kamba. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge.

Tuje kwenye msimu. Watu wengi wanauliza: twende lini?

Januari hadi Machi mizabibu ni vijiti vyeusi. Ni baridi, siku ni fupi, lakini utawakuta watu wakipogoa na utaona jinsi mzabibu ulivyoumbwa bila majani kuuficha. Aprili machipukizi yanatoka, na hapo ndipo mkulima halali. Jalidi ya Aprili 2021 iliunguza machipukizi karibu kila eneo la mizabibu la Ufaransa. Wazee wa kule wana siku tatu wanazozihofu, tarehe 11, 12 na 13 Mei, wanazoziita za watakatifu wa barafu, na wengi hawana raha mpaka zipite. Juni mizabibu inachanua. Ua lake ni dogo, halina sura, lakini ukipita asubuhi utasikia harufu nyepesi tamu. Tangu kuchanua hadi kuvuna huhesabiwa kama siku 100.

Julai na Agosti kuna jambo ambalo wageni hawalitegemei: joto. Vosges inazuia mawingu ya kutoka Atlantiki. Juu kwenye kilele cha milima mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Colmar chini yake hupata kama 600 tu. Ndiyo maana zabibu zinaiva vizuri kule kaskazini. Ndiyo maana pia utaungua. Mizabibu haina kivuli cha kumfunika mtu, na njia nyingi zinatazama kusini au mashariki. Anza saa moja asubuhi, uwe umefika kijijini kabla ya saa sita.

Septemba na Oktoba ni mavuno. Rangi ni nzuri, na kila mtu anataka kwenda wakati huo. Basi mjue hili: zabibu zinapokaribia kuiva, halmashauri nyingi za vijiji vya Alsace hutoa amri ya kufunga njia za ndani ya mizabibu mpaka mavuno yaishe. Si mzaha, na kibao kinawekwa mwanzoni mwa njia. Mtu aliyepanga safari yake nzima kwa ramani tu anafika pale anagonga mwamba. Suluhisho ni rahisi: ulizeni ofisi ya utalii ya kijiji siku moja kabla, na muwe na njia mbadala ya juu, ile inayopita ukingoni mwa msitu. Mkiniuliza mimi, nitawaambia mwishoni mwa Mei au nusu ya kwanza ya Juni. Njia ziko wazi, siku ni ndefu, na vitanda vinapatikana bila kugombania.

Sasa alama za njia. Hapa pana kisa kingine, na kisa hiki kitawaepusha kupotea.

Ukitembea sehemu nyingine za Ufaransa, njia ndefu zina mstari mweupe juu na mwekundu chini. Mfumo huo ulianza mwaka 1947. Lakini Alsace ilikuwa na alama zake zamani kabla ya hapo. Mwaka 1871 Ujerumani iliichukua Alsace baada ya vita, na mwaka 1872, mjini Saverne, wapenda milima wakaanzisha Club Vosgien, chama cha watembezi wa milima ya Vosges. Wakapasua njia, wakachora alama. Mfumo wa nchi nzima ulipokuja baadaye, Vosges ilibaki na wake. Kwa hiyo mtu aliyejifunza alama za Provence, kusini mwa nchi, anafika Ribeauvillé, anatafuta nyeupe na nyekundu, haioni, anadhani amepotea. Hajapotea. Njia maarufu ya GR5, mojawapo ya zile njia ndefu za nchi nzima, pale inaonyeshwa kwa msitatili mwekundu mtupu.

Someni umbo kwanza, kisha rangi. Msitatili ni njia ndefu ya kutoka eneo hadi eneo. Pete, yaani duara lenye tundu, ni njia ya mzunguko inayokurudisha ulikoanzia, na ndiyo inayowafaa wengi kwa matembezi ya siku moja. Kuna pia msalaba, pembetatu, umbo la almasi na duara lililojaa, kwa njia za kati na za kuunganisha. Kwenye kibao andika au piga picha umbo NA rangi. Anayekumbuka rangi tu, akafuata pembetatu ya buluu badala ya pete ya buluu, ataishia bonde jingine. Na mkitembea dakika kumi na tano bila kuona alama, rudini mpaka ile ya mwisho mliyoiona. Msiendelee kwa matumaini.

Ramani ya karatasi ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000 bado ni rafiki mwema. Sentimita moja ni mita 250. Hesabuni kilomita 4 kwa saa, na ongezeni saa moja kwa kila mita 300 za kupanda. Mfano: kutoka Ribeauvillé mkifuata msitatili mwekundu kwenda kwenye ngome zake tatu za mawe, ile ya juu iko karibu mita 640 kutoka usawa wa bahari, na mji uko kama 250. Huo ni mpando wa karibu mita 400. Anayesema ni nusu saa anawadanganya.

Viatu. Kwenye mizabibu penyewe hamhitaji buti zito. Kiatu chepesi chenye soli ya meno kinatosha. Lakini sehemu nyingi za chini zina udongo laini wa vumbi ulioletwa na upepo zama za barafu, na mvua ikinyesha unageuka gundi. Kiatu kinaongezeka uzito kila hatua na mteremko unakuwa sabuni. Siku ya mvua fuateni njia za lami za wakulima. Malengelenge yanaanza kwa unyevu na msuguano, kwa hiyo badilisheni soksi mchana, na mkisikia joto mahali pamoja mguuni simameni hapo hapo mbandike plasta.

Maji, lita moja na nusu kwa kila mtu, na mbili wakati wa joto. Kila kijiji kina chemchemi ya mawe uwanjani, lakini someni maandishi: "eau potable" yanafaa kunywa, "eau non potable" hayafai.

Na kupe! Tafadhali lisikilizeni hili, kwa sababu watu wanalichukulia kwa wepesi. Alsace ni miongoni mwa sehemu za Ufaransa zenye ugonjwa wa Lyme kwa wingi, na kupe ndiye anayeuleta. Kwenye mstari wa mizabibu iliyofyekwa ni wachache. Wako kwenye nyasi ndefu na ukingoni mwa msitu, yaani hasa kwenye ile njia ya juu niliyowaambia na kwenye mpando wa ngome. Vaeni suruali ndefu ya rangi nyepesi, muichomeke ndani ya soksi. Jioni kaguaneni: nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, nyuma ya masikio, na kwa watoto kichwani. Ukimkuta, tumia ndoano ya kupe inayouzwa duka lolote la dawa: iingize chini yake, zungusha polepole, atoke mzima. Usimpake mafuta, usimchome moto, usimminye, kwa maana ukimsumbua anatapika ndani ya ngozi yako. Safisha jeraha baada ya kumtoa, andika tarehe. Ndani ya mwezi mmoja ukiona wekundu unaopanuka kama duara, nenda kwa daktari umwambie umeumwa na kupe Alsace. Dawa zake zipo, na mapema ndiyo bora.

Sasa tuingie vijijini, na hapa nitakaa kidogo.

Mpango wa siku mbili. Kutoka Strasbourg hadi Colmar treni ni kama nusu saa. Colmar mnapanda treni ndogo ya bonde la Munster, na Turckheim ni robo saa tu. Siku ya kwanza: Turckheim, Niedermorschwihr, Katzenthal, Ammerschwihr, Kaysersberg, kama kilomita 10 hadi 12. Siku ya pili: Kaysersberg, kilima cha Sigolsheim, Bennwihr, Mittelwihr, Riquewihr, kama kilomita 10. Mwenye siku ya tatu aende Hunawihr na Ribeauvillé, kisha apande ngome. Mkilala Turckheim usiku mmoja kabla ya kuanza, kati ya Mei na Oktoba, saa nne usiku mtamsikia mlinzi wa zamu akizunguka mitaa na taa yake na kuimba, desturi ya kale iliyohifadhiwa.

Zitazameni nyumba. Mbao nene za mwaloni zimepishana, na katikati ya mbao mna nini? Fito, majani makavu na udongo. Ndiyo, ndugu zangu, udongo! Zile nyumba ambazo watu wanavuka bahari kuzipiga picha zimejengwa kwa fito na udongo, ufundi ambao bibi na babu zetu waliufahamu vizuri, na ambao sisi tumefundishwa kuuonea haya. Siri ya kudumu kwake iko wazi ukitazama chini na juu: msingi wa mawe unaoinua mbao kutoka kwenye unyevu, na paa lililotokeza mbele kuzuia mvua isipige ukuta. Fundi alikata mbao uwanjani, akachora namba za Kirumi kwenye viungo, akaja kuzisimamisha. Nyumba iliweza kubomolewa na kuhamishwa. Tafuteni hizo namba kwenye mbao, bado zinaonekana. Juu ya mlango tafuteni mwaka na alama ya kazi ya mwenye nyumba: kisu cha kupogolea, pipa, mkate uliosokotwa.

Maandishi mengi ya kale mtakayoyaona yako kwa Kijerumani. Kwa nini, nasi tuko Ufaransa? Kisa cha mtoto mmoja wa Kaysersberg kinaeleza. Albert Schweitzer alizaliwa pale tarehe 14 Januari 1875, raia wa Ujerumani kwa sababu Alsace ilikuwa imechukuliwa miaka minne kabla. Mwaka 1913 akaenda Lambaréné, Gabon, kufungua hospitali, nayo Gabon ilikuwa koloni la Ufaransa. Vita vikazuka 1914, na daktari yule akawekwa chini ya ulinzi kama adui. Mwaka 1917 yeye na mkewe wakapelekwa Ufaransa kama wafungwa. Vita vilipokwisha, Alsace ikawa Ufaransa, naye akawa Mfaransa. Mwaka 1940 Ujerumani ikaichukua tena Alsace, na 1945 ikarudi tena. Mtu aliyezaliwa 1870 na akaishi miaka 75 alibadilishiwa nchi mara nne bila kuhama nyumba. Kuhusu Schweitzer mwenyewe, Waafrika wengi wana maswali juu ya namna alivyowatazama watu aliowatibu, na ni maswali ya haki. Mkipita nyumbani kwake, ingieni nayo.

Kidogo kuhusu chakula na divai. Duka la mkate lifuateni asubuhi. Mengi hufungwa mchana, na mengine siku nzima ya Jumatatu. Mikahawa ya kula hupika kati ya saa sita na saa nane mchana, ukifika saa tisa jiko limezimwa. Msiokula nguruwe, ile tarte flambée, mkate mwembamba unaofanana na piza, huwekwa vipande vya nyama hiyo. Agizeni "sans lardons", yaani bila vipande hivyo. Msiotumia kileo, wakulima wengi wana juisi ya zabibu zao wenyewe, na inaonyesha tofauti ya aina za zabibu kwa namna inayoshangaza. Mnaotumia, kumbukeni kwamba glasi sita za kuonja za sentilita 5 ni sentilita 30, sawa na glasi tatu kamili. Chombo cha kutemea kiko mezani kwa kazi hiyo, na mkulima hakasiriki mtu akitema. Atakasirika ukijaza nyumba watu kumi bila kupiga simu kabla.

Namalizia na siku ya pili, kwa sababu ndiyo siku yenye uzito.

Riquewihr ni kijiji kizima cha mbao na mawe, na mnara wake wa Dolder umesimama tangu 1291. Saa tano asubuhi mitaa inafurika. Nendeni kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi na moja. Lakini kabla ya kufika Riquewihr mtapita Bennwihr, na mtashangaa. Nyumba ni za miaka ya hamsini, mitaa imenyooka, kanisa ni la kisasa. Wageni wengi wanapita haraka, wanasema hakuna cha kuona. Simameni. Desemba 1944 na Januari 1945 jeshi la Ujerumani lilikuwa limezingirwa kuzunguka Colmar, na mapigano yalivigeuza Bennwihr, Sigolsheim, Mittelwihr na Ammerschwihr kuwa vifusi. Riquewihr, kilomita chache tu pembeni, ilinusurika. Ammerschwihr waliacha makusudi ukuta wa mbele wa jumba lao la zamani la halmashauri, hauna paa wala vyumba nyuma yake, watu wauone. Hivi vijiji viwili, kile cha zamani na kile kipya, vina umri mmoja. Kimoja kilikosa bahati.

Na kabla ya Bennwihr, juu ya kilima cha Sigolsheim katikati ya mizabibu, yapo makaburi ya askari wa Jeshi la Kwanza la Ufaransa, zaidi ya 1,500. Someni majina. Wengi ni watu wa Algeria, Moroko na Tunisia. Walipigana kwenye theluji katika nchi ambayo haikuwa yao, wakafia kwenye mteremko huu. Makaburi ya Waislamu yana mawe ya umbo la kwao na yameelekezwa Makka. 

Pangeni saa nzima ya pale juu. Msile pale, msipige kelele. Anayetaka kusoma dua asome. Kisha shukeni polepole: Bennwihr iko chini yenu, na mashamba yanaanzia kwenye ukuta wa makaburi.